Midomo ina kikomo, sikio halina: mazoezi ya jazi kwa kijana anayepuliza tarumbeta

Mwaka 1954 Charlie Parker alihojiwa redioni na mpiga saksafoni mwenzake, Paul Desmond. Alipoulizwa ule ufundi wa vidole aliupata wapi, hakuzungumzia kipaji. Alisema kuna kipindi cha miaka 3 hadi 4 alichokuwa akifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku. Maneno hayo yamewafikia vijana wengi wanaojifunza jazi. Yamewatia moyo, na wengine yamewaumiza. Kijana wa tarumbeta akiyasikia anajifungia chumbani, anapuliza saa 3 mfululizo, na kesho yake midomo imevimba, sauti inatoka na upepo mwingi kuliko muziki, noti za juu zimekataa katakata. Mwalimu akimwona anamwambia, "Leo pumzika, mwanangu." Sasa amsikilize nani, Parker au mwalimu?

Wote wawili wako sahihi, ila Parker alipiga saksafoni. Ala hiyo, ambayo Adolphe Sax aliisajili mwaka 1846, imetengenezwa kwa shaba na bado inahesabiwa katika jamii ya filimbi na klarineti, kwa sababu kinachotikisika ni kipande chembamba cha mwanzi. Mwanzi ukichakaa unatupwa, unawekwa mwingine. Kwenye tarumbeta, tromboni, honi na tuba, kinachotikisika ni midomo ya mpigaji mwenyewe, na hiyo haina ya akiba.

Mkanganyiko mwingi wa ushauri unaanzia hapo. Anayejifunza jazi kwa ala ya shaba anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kazi ya misuli, ambayo ina kikomo kila siku. La pili ni lugha ya muziki inayokaa masikioni na kichwani, na hiyo unaweza kuifanyia kazi asubuhi hadi usiku bila midomo kuguswa. Ushauri wa jambo moja ukipelekwa kwenye jambo lingine ndipo kijana anapoharibikiwa.

Bomba na midomo

Tarumbeta ya kawaida ni bomba la urefu wa karibu mita 1.5 lililokunjwa ili lishikike. Tromboni ni karibu mara mbili ya hapo. Bomba lenyewe haliimbi kila sauti unayotaka. Lina sauti zake chache linazozikubali, na nyingine zote linazikataa. Shika tarumbeta bila kubonyeza vali yoyote, yaani vile vitufe vitatu vya juu, utapata C ya chini, kisha G, kisha C ya kati, E, G, halafu B-flati ambayo inatoka chini ya mahali pake na kwa hiyo wapigaji huikwepa, halafu C ya juu. Noti zote hizo zinatoka vidole vikiwa vimetulia tuli. Kinachozitofautisha ni midomo, hewa na ulimi.

Kazi ya vali ni kulirefusha bomba. Ya pili inashusha sauti kwa nusu toni, hatua fupi kuliko zote kati ya noti mbili, ya kwanza kwa toni nzima, ya tatu kwa toni moja na nusu. Ukizichanganya unapata urefu saba tofauti wa bomba. Hesabu hiyo ndiyo ileile ya tromboni, yenye sehemu saba za kusimamisha mkono. Kabla vali hazijabuniwa, na hati ya kwanza ya haki za ubunifu huo ilitolewa Prussia mwaka 1818 kwa Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, mpiga tarumbeta aliishi na zile sauti chache za bomba moja.

Ndiyo maana kijana anayekariri vidole kama anavyokariri vitufe vya kompyuta hushangaa. Amebonyeza sawasawa, noti imetoka nyingine. Kwenye piano kidole kikifika mahali pake noti imepatikana. Hapa kidole ni mwaliko tu, na noti inakuja ikiwa umeisikia kichwani kabla ya kupuliza. Asiyeweza kuiimba hiyo G kwa mdomo atakuwa anaibahatisha, leo anaipata, kesho anaangukia C.

Kuna noti ambazo hata ukizipata zinakuwa juu kidogo ya mahali pake: D ya chini, inayotumia vali ya kwanza na ya tatu, na C-shapu iliyo chini yake, inayotumia zote tatu. Tatizo hilo ni la tarumbeta yenyewe, si lako. Urefu unaoongezwa na kila vali ulipimwa kwa bomba fupi, na vali zikijumlishwa urefu huo hautoshi. Ile pete iliyo karibu na kidole cha mkono wa kushoto imewekwa kwa ajili hiyo: unasukuma kibomba cha vali ya tatu nje kidogo unapopiga noti hizo. Wanafunzi wengi hukaa na tarumbeta miaka bila kuambiwa kwamba pete hiyo ina kazi.

Sasa tuje kwenye hewa, maana hapa ndipo walimu wanapozozana. Utasikia, "Kaza diaframu!" Kijana anakaza tumbo lote mpaka shingo inatoa mishipa, na sauti inabana zaidi. Diaframu ni msuli wa kuvutia pumzi ndani. Unapopuliza, yenyewe inalegea na kurudi juu, na kazi ya kusukuma inafanywa na misuli ya tumbo na ya katikati ya mbavu. Huwezi kuikaza diaframu ili itoe hewa, na ukijaribu unachokaza ni vitu vingine. Arnold Jacobs, aliyepiga tuba katika okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988 na kuwa mmoja wa walimu walioheshimiwa zaidi wa ala za shaba, aliufupisha ufundishaji wake kuwa mambo mawili: wimbo na upepo. Sikia kichwani unachotaka kitoke, peleka hewa, mwili utajipanga. Sidhani kwamba inatosha kwa kila mwanafunzi, lakini inamsaidia kijana wa miaka 13 kuliko somo la misuli.

Ulimi nao haukai tu ukisubiri kuanzisha noti. Mpiga honi Sarah Willis wa Berliner Philharmoniker amewahi kupuliza ndani ya mashine ya MRI, na picha zinaonyesha waziwazi ulimi unavyopanda kwenye noti za juu na kushuka kwenye za chini. Walimu wa zamani walikuwa wakisema fikiria "aa" chini na "ii" juu. Picha zimewapa haki.

Adui anaitwa kusukuma

Noti ya juu inahitaji midomo itikisike haraka zaidi. Njia nzuri ya kufika huko ni hewa inayokwenda kasi na pembe za midomo zilizoshika imara. Njia ya mkato ni kuivuta tarumbeta usoni. Mausipisi, kile kipande cha chuma chenye kikombe kinachogusa midomo, ikikandamizwa inakaza ngozi na noti inatoka. Kijana anafurahi. Lakini damu imezuiwa kupita, msuli unakosa chakula chake, na baada ya dakika chache noti ileile inahitaji kusukumwa zaidi. Hapo umeingia kwenye mzunguko: umechoka kwa sababu unasukuma, na unasukuma kwa sababu umechoka.

Louis Armstrong mwenyewe aliteswa na midomo. Alipiga noti za juu usiku baada ya usiku, na katikati ya miaka ya 1930 ilibidi aweke tarumbeta chini kwa miezi kadhaa. Jina lake la utani, Satchmo, leo linatumiwa na madaktari kuitia jina hali ya kuchanika kwa ule msuli unaozunguka mdomo. Na Dizzy Gillespie, yule wa mashavu yaliyojaa upepo na tarumbeta iliyopindishwa kuelekea juu, alikuwa mwanamuziki mkubwa mno, lakini mashavu yake usiyaige. Yeye aliweza kupiga hivyo. Mwanafunzi akivimbisha mashavu, pembe za midomo zinalegea, na kila anachojenga hakisimami.

Kwa hiyo kanuni ya kale ya wapigaji ni hii: pumzika muda uleule uliopuliza. Ukipuliza dakika moja, tarumbeta inashuka mapajani dakika moja. Mwanzoni kijana anaona anapotezewa muda. Anayepumzika hivyo anaweza kupuliza vipindi vitatu vya dakika 15 kwa siku na kesho akaamka na midomo mizima, wakati mwenzake aliyejikaza kisabuni dakika 45 bila kushusha ala alimaliza midomo dakika ya 20, na zilizobaki zote alikuwa akijifundisha kusukuma.

Kipindi cha kwanza kiwe cha taratibu, na kiwe cha sauti ndogo. Noti ndefu zinachosha akili, najua, na hakuna kijana aliyechukua tarumbeta kwa hamu ya kupiga G moja kwa mapigo nane. Zifanye chache lakini zisikilize: je, noti imeanza safi au imeanza na kikohozi? Je, imebaki palepale au imeshuka hewa ilipopungua? Nne zilizosikilizwa zinatosha kuliko ishirini za kutimiza wajibu.

Kisha mazoezi ya kuteleza, ambayo nayapa uzito kuliko yote ya midomo. Chukua G, ile ya mstari wa pili. Ipulize kwa mapigo manne, kisha bila kugusa ulimi wala kubonyeza chochote, panda hadi C iliyo juu yake, halafu rudi. Mkono wa kushoto unaishika ala bila kuivuta. Sikiliza pale katikati, noti zinapokabidhiana. Anayesukuma atasikia mkwaruzo, na C italipuka kwa kishindo ikiwa kubwa kuliko G. Anayepeleka hewa atasikia sauti moja inayobadilika kimo, ujazo uleule, hakuna ufa. Ukipata mkwaruzo usirudie kwa nguvu zaidi. Punguza sauti, fikiria "aa-ii-aa", acha hewa iendelee kwenda mbele kana kwamba noti haijabadilika. Likikaa sawa bila vali, bonyeza ya pili, ufanye F-shapu na B, kisha shuka hivyo hivyo hadi mchanganyiko wa saba.

Ishara ya kuacha haisubiri maumivu. Noti ambayo asubuhi ilitoka kwa sauti ndogo, sasa haitoki mpaka uipigie kelele. Ukifika hapo, fungasha. Ukiendelea dakika 10 zaidi hutajenga nguvu, utaila siku ya kesho.

Kuhusu noti za juu kabisa, nina neno moja kwa vijana na halipendwi. Kati ya wapigaji wa jazi ambao dunia inawakumbuka, si wengi wanaokumbukwa kwa kimo cha noti zao. Miles Davis alijenga sauti yake katikati ya ala, mahali ambapo mwanafunzi aliyejifunza miaka miwili anafika. Mwalimu wake wa utotoni, Elwood Buchanan, alimkataza kutetemesha noti, akimwambia kwamba uzee ukija atatetemeka tu. Ile sauti iliyonyooka ikawa alama yake. Kimo cha juu kinakuja chenyewe kama hewa na mkao wa midomo viko sawa, na kinakuja polepole. Nusu toni moja kwa miezi michache si mwendo mbaya.

Mtoto anaweza kuanza ala hizi meno ya mbele ya ukubwani yakishaota, kwa kawaida baada ya miaka 7 au 8. Aliyefungwa waya wa meno asiache, ila ajue kwamba atarudi nyuma wiki kadhaa, na ukitolewa atarudi nyuma tena. Kupiga mswaki kabla ya kupuliza na kutia vali mafuta ni mambo madogo yanayookoa ala. Yasisubiri mwalimu ayaulize.

Nusu ya pili, ala ikiwa ndani ya boksi

Midomo ikishachoka, mwanafunzi wa jazi bado ana nusu kubwa ya kazi. Clark Terry, mpiga tarumbeta aliyewafundisha Miles Davis na Quincy Jones walipokuwa vijana, na ambaye ala yake ya kwanza aliiunda kwa mpira wa bustani na vyuma chakavu kwa kukosa pesa, alizipanga hatua za kujifunza jazi hivi: iga, ifanye iwe yako, kisha buni. Vijana wengi wanaruka moja kwa moja kwenye ya tatu. Wanawasha muziki wa kusindikiza kwenye simu, wanapuliza noti za skeli, yaani ngazi ya noti zinazofuatana, juu yake nusu saa, wanaita kubuni. Mimi naita kutembeza vidole. Mtu hawezi kutunga sentensi kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia ikisemwa.

Kuiga hakuhitaji wimbo mzima. Chagua vipimo vinne tu, kipimo kimoja kikiwa mapigo manne, kutoka kwenye solo unayoipenda, ile sehemu ambayo mpigaji mmoja anabuni huku bendi ikimsindikiza. Chagua solo yenye mwendo wa taratibu: ya Armstrong, ya Miles, na kwa tromboni ya J. J. Johnson. Sikiliza sehemu hiyo mpaka ikugande, ukiwa njiani, ukiwa unaosha vyombo. Kisha iimbe pamoja na rekodi. Uimbe kila kitu, si noti peke yake: mahali anapovuta, mahali anapomeza noti nusu, mahali anapochelewa kidogo nyuma ya ngoma. Kisha zima rekodi uimbe peke yako. Hapa ndipo ukweli unajulikana, maana wengi hugundua kwamba noti ya tatu hawaijui, walikuwa wakibebwa na rekodi. Rudi usikilize hiyo moja tu. Ikishakaa, ndipo unafungua boksi, na utashangaa jinsi vidole vinavyoipata haraka. Umetumia saa nzima kujifunza na midomo imefanya kazi dakika 5.

Usiiandike kwanza. Karatasi ikiingia mapema, jicho linachukua kazi ya sikio, na yale ya kumeza na kuvuta, ambayo ndiyo jazi yenyewe, hayaandikiki vizuri. Andika baadaye ukitaka kuchunguza. Na programu za kupunguza kasi ya rekodi bila kubadilisha kimo cha sauti ni baraka ambayo mabingwa hawakuwa nayo; zitumie.

Clifford Brown ni mfano ninaoupenda. Mwaka 1950, akiwa na miaka 19, alipata ajali mbaya ya gari iliyomlaza hospitalini kwa muda mrefu, na kwa miezi mingi hakuweza kupuliza. Alikaa kwenye piano. Aliporudi kwenye tarumbeta alikuwa mmoja wa wapigaji wenye ufahamu wa kina kabisa wa kordi, yaani noti kadhaa zinazosikika pamoja, na mpaka anafariki kwenye ajali nyingine mwezi Juni 1956, akiwa na miaka 25, alishaacha rekodi zinazofundishia hadi leo. Kwenye piano kordi unaiona yote kwa mkupuo mmoja, wakati tarumbeta inakupa noti moja moja. Kama kuna kinanda popote unapoweza kukifikia, hata kibovu, jifunze kushika kordi rahisi. Huna haja ya kuwa mpiga piano.

Kordi mbili, noti mbili

Tuingie ndani kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapotishwa na nadharia. Kuna mafundisho yanayompa mwanafunzi skeli moja kwa kila kordi. Wimbo wenye kordi 20 unakuwa na skeli 20, na kijana anapiga solo huku akijaribu kukumbuka jedwali. Mafundisho hayo si ya uongo, lakini kwa anayeanza ni mzigo usio na faida.

Chukua bluzi ya F, vipimo 12. Katika umbo lake la kawaida, vipimo vinne vya mwanzo ni F7, viwili vinavyofuata ni B-flati7, viwili F7, kimoja C7, kimoja B-flati7, viwili vya mwisho F7. Kila kordi ina noti mbili zinazoitambulisha: ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka noti iliyoipa kordi jina. Kwa F7 ni A na E-flati. Kwa B-flati7 ni D na A-flati. Sasa zitazame zikihama: A inashuka nusu toni kuwa A-flati, na E-flati inashuka nusu toni kuwa D. Basi. Kordi nzima imebadilika kwa hatua mbili fupi kuliko zote.

Puliza A moja ndefu kwa vipimo vinne, kipimo cha tano kikianza teremka A-flati. Mtu aliye chumba cha pili atasikia kordi imegeuka, hata kama piano na besi havipo. Kijana akishaisikia hiyo mara ya kwanza, uso wake unabadilika, ameacha kubahatisha. Fanya bluzi nzima kwa noti hizo ndefu. Kisha zile zile zipe mdundo: pigo fupi hapa, kimya pale. Kisha ziunganishe kwa noti moja ya njiani. Solo iliyojengwa hivyo ni nyembamba, lakini mifupa yake imenyooka. Nyama utaipata kwenye vile vipimo ulivyoiga.

Wa tarumbeta akijaribu hilo pamoja na rekodi atakuta noti zinagongana na bendi, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani sikio lao ni bovu. Tarumbeta ya kawaida ni ya B-flati: mpigaji akisoma C, kinachosikika ni B-flati, toni moja chini. Kwa hiyo bluzi ambayo piano inaiita F, kwake yeye ni G, na ile A inayoshuka kuwa A-flati, yeye anaipiga B inayoshuka kuwa B-flati. Tromboni, ingawa bomba lake nalo ni la B-flati, huandikiwa noti kama zinavyosikika, kwa hiyo mwenye tromboni anasoma F ileile ya piano. Ndiyo, ni vurugu. Imerithiwa, na hakuna wa kumlaumu aliye hai.

Anayetaka kitu chepesi zaidi ya bluzi aanze na "So What" ya Miles Davis ya mwaka 1959. Ina vipimo 32 na ngazi mbili tu: vipimo 16 juu ya D, 8 vikipanda nusu toni hadi E-flati, kisha 8 kurudi D. Hakuna mbio za kordi. Mtihani wake ni mwingine: utasema nini katika vipimo 16 ambavyo hakuna kinachobadilika? Hapo ndipo kimya kinapojifunzwa, na kwa bahati nzuri kimya ni mapumziko ya midomo pia.

Mdundo ndio unaomtoa mtu

Noti isiyo sahihi iliyokaa vizuri kwenye mdundo, wasikilizaji wanaisamehe. Noti sahihi iliyokaa vibaya hakuna anayeisamehe. Katika jazi, nusu pigo mbili hazigawani sawa. Ya kwanza ni ndefu, ya pili fupi. Kwa mwendo wa wastani wengi hufundishwa mbili kwa moja, lakini kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo zinavyokaribia kuwa sawa. Ukibaki na mbili kwa moja kwenye mwendo wa kasi unasikika ukichechemea.

Siri nyingine iko kwenye ulimi. Mwanafunzi aliyetoka kwenye muziki wa gwaride anagusa ulimi kwenye kila pigo kubwa. Geuza: gusa ile nusu pigo ya pili, kisha teleza bila ulimi kuingia kwenye pigo linalofuata. Isemeshe kwa mdomo kwanza, "du-DA, du-DA", uzito ukiwa kwenye DA. Skeli ya kawaida kabisa ikipigwa hivyo inaanza kunukia jazi kabla hujabadilisha noti hata moja.

Metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo, nayo itumie kijazi. Ukitaka mwendo wa 120, iweke 60, na kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili na la nne, pale mpiga ngoma anapofunga zile sahani mbili za mguu. Mwanzoni utapotea, utajikuta mlio umehamia la kwanza na la tatu. Acha kupuliza, hesabu kwa mdomo, piga makofi, ingia tena. Hili nalo ni zoezi la bila ala.

Kuipanga siku

Siku ikipangwa kwa kufuata midomo, inakuja hivi. Asubuhi au kabla ya kazi nyingine, dakika 15 za noti ndefu na kuteleza, sauti ndogo. Mchana, hakuna ala. Kuna vipimo vinne vya kuimba, kordi za piano, metronomu na makofi. Jioni, dakika 15 au 20 za kuvihamishia kwenye ala vilivyokaa kichwani, na dakika chache za bluzi, ukijirekodi kwa simu. Rekodi hiyo isikilize kesho, si leo. Leo bado unasikia ulichokusudia. Kesho utasikia ulichopiga. Mzazi akipita mlangoni akaona mtoto anaimba na tarumbeta imefungwa, asiulize mbona hafanyi mazoezi.

Skeli za vidole unaweza kuzibonyeza bila kupuliza ukiwa kwenye kiti. Vidole havijui kama hewa ipo.

Masikio yalindwe. Kwa kawaida hutumika kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na tarumbeta mbili kwenye chumba kidogo zinakipita kwa mbali. Anayekaa mbele ya safu ya tarumbeta katika bendi kubwa avae vizibo vya masikio, na asione aibu.

Mara moja kwa wiki tafuta watu, hata kama ni besi tu na mtu wa kupiga meza. Muziki wa kusindikiza wa kwenye simu haukusikilizi. Haupunguzi sauti ukinong'ona, haukufuati ukichelewa, haukujibu ukiuliza swali kwa noti tatu. Yote hayo ni nusu ya kazi ya jazi na hayapatikani kwingine.

Siku ya onyesho puliza kidogo kuliko siku zote. Dakika 10 za kupasha midomo, sehemu ngumu moja au mbili kwa sauti ya chini, basi. Nyuma ya jukwaa kutakuwa na mwenzako anayejaribu noti zake za juu mbele ya wengine, na utataka kumjibu. Weka mausipisi mfukoni ili ibaki na joto, kaa chini, uimbe kichwani vipimo vinne vya mwanzo.